Siku moja maishani mwangu: wakili wa wosia na mirathi

Saa 1:30 asubuhi

Nafika ofisini kabla simu hazijaanza kulia, maana majalada ya mirathi hayasomeki huku mtu akikatizwa. La kwanza leo ni la marehemu aliyeacha wosia wa kuigwa: umechapwa, una tarehe, una sahihi yake na za mashahidi wawili. Kila kitu kwa mke na watoto. Lakini sehemu kubwa ya alichoacha haimo ndani ya wosia huo wala haigawanywi nao. Ni bima ya maisha, na bima humfuata aliyetajwa kwenye fomu ya bima. Fomu hiyo aliijaza alipoajiriwa, bado kijana. Jina lililomo ni la mchumba wa enzi hizo.

Mjane ataniuliza kama hakimu hawezi kuona kuwa huku ni kusahau tu. Jibu ninalo, ila silipendi. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mtu aliyefariki kwa ajali muda mfupi baada ya talaka, jina la mtalaka wake likiwa bado kwenye bima na pensheni ya kazini. Sheria ya jimbo la Washington ilisema talaka inalifuta jina hilo. Mahakama ikasema sheria ya shirikisho inafuata karatasi za mpango wenyewe wa bima na pensheni, na watoto wa marehemu wakashindwa. Nchi na nchi hutofautiana, na kwingine wadhamini wa mfuko wa pensheni wana hiari ya kuamua, lakini kubadilisha jina kwenye fomu ni kazi ya dakika chache. Hata Japani, ambako kiwango cha juu cha kodi ya urithi ni asilimia 55, kodi ingemwachia mjane huyu kitu. Fomu hii haimwachii hata senti.

Saa 3:00 asubuhi

Mzee na mkewe, wenye miadi. Wamekuja na mfuko wa karatasi pamoja na swali ambalo karibu kila mteja huanza nalo: serikali itachukua ngapi? Nawaambia kabla ya kuihesabia serikali tujue kwanza kilichopo. Nina karatasi yenye safu nne: mali gani, iko kwa jina la nani, hati iko wapi, na ina deni gani. Safu ya nne ndiyo huwaamsha watu.

Mzee anajaza tatu za kwanza upesi, kwa fahari kidogo. Kwenye ya nne anasitasita, kisha anasema aliwahi kumwekea mdogo wake dhamana ya mkopo benki. Kwa hati ya nyumba.

Mkewe anamgeukia. "Nyumba ipi?"

"Mama, kwani tunazo ngapi?"

Hapo mimi hunyamaza. Si kazi ya wakili kujibu swali la mke kwa mume. Wakishatulia nawaeleza kwamba deni halizikwi na mwenyewe: gharama za mazishi na madeni hutoka kwanza, kinachobaki ndicho warithi wanagawana, na benki iliyoshika hati haimngojei mrithi yeyote. Wanaondoka bila wosia, wakielekea benki kuuliza salio la mkopo. Kwangu hicho ni kikao kilichofaulu. Wosia ungegawa nyumba ambayo huenda si yao tena.

Saa 4:30 asubuhi

Simu kutoka Uingereza. Kwa dada huyu swali la kodi lina uzito: huko asilimia 40 hutozwa juu ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa kwa kawaida mtu anachomwachia mwenzi wake wa ndoa hakitozwi. Mpango wake ni kumwandikia mwanawe nyumba sasa hivi, na yeye aendelee kuishi humo.

Namwambia asisaini chochote kabla hajamwona mshauri wa kodi wa huko, na namweleza kwa nini. Ni kweli zawadi hutoka kwenye hesabu mtoaji akiishi miaka 7 baada ya kuitoa. Lakini ukitoa nyumba ukabaki unalala humo bila kulipa pango la bei ya soko, sheria yao inaihesabu bado ni yako. Jambo la pili hakuwa amelisikia: tangu Aprili 2025, aliyekuwa mkazi huko kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita hutozwa hata kwa mali iliyo nchi nyingine, ikiwemo shamba alilodhani liko mbali na macho ya mtu.

Ananiuliza kwa nini basi kila mtu kwenye kundi la ukoo anasema mwandikie mtoto mapema. Kwa sababu ushauri husafiri kirahisi kuliko sheria. Australia, Uswidi na Norwei zilishaifuta kodi hii. Marekani, kwa upande wa kodi ya shirikisho, kuanzia 2026 haimgusi mwenye mali ya chini ya dola milioni 15. Watu wengi wanaohamisha nyumba kwa haraka wanameza dawa ya ugonjwa wasio nao, na madhara yake hayaulizwi: nyumba ikishakuwa ya mtoto, wadai wake wanaweza kuifuata, na akitalikiana, nyumba nayo inaweza kuingia kwenye mgawanyo.

Saa 6:00 mchana

Ndugu wanne, baba yao amefariki. Wosia unampa nyumba binti wa mwisho, aliyemuuguza hadi mwisho. Kaka mkubwa amekuja na daftari alilolikuta kwenye droo. Ukurasa mmoja, tarehe ya baadaye kuliko wosia, na nyumba inagawanywa sawa kwa wote.

"Huu ni mwandiko wa baba. Kuna anayebisha?"

Hakuna. Lakini hakuna mashahidi pia. Nawapa mfano wa mwimbaji wa Marekani Aretha Franklin, aliyefariki 2018 ikidhaniwa hakuacha wosia. Mwaka uliofuata karatasi zilizoandikwa kwa mkono zikapatikana nyumbani kwake, mojawapo ndani ya daftari chini ya mito ya kochi, na ndiyo hiyo ya 2014 ambayo baraza la mahakama huko Michigan liliikubali mwaka 2023. Kaka anatabasamu. Namwomba asubiri: Michigan inautambua wosia ulioandikwa kwa mkono bila mashahidi. Nchi nyingi zilizofuata sheria ya Kiingereza hutaka mashahidi wawili, waliokuwapo wote mwenye wosia akitia sahihi. Chini ya kanuni hiyo daftari hili ni barua tu.

Kikao kinapoa, kila mtu anatazama kwake. Nauliza kama kuna yeyote aliyesikia kwa mdomo wa baba kuhusu ukurasa huu. Nauliza kwa mazoea, bila kutarajia kitu.

"Aliniambia," anasema binti wa mwisho. "Alisema akipata nafuu ataenda kwa wakili aubadilishe."

Hakulazimika kusema. Kisheria lilikuwa jambo la kumuumiza mwenyewe, na kaka yake, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa akimwita "huyo", anaanza kumwita kwa jina. Nawaambia warithi waliofikisha umri wa utu uzima wanaweza kukubaliana kugawana tofauti na wosia ulivyosema. Uingereza hata kwenye hesabu ya kodi huruhusu makubaliano hayo yahesabike kana kwamba marehemu ndiye aliyegawa hivyo, yakiandikwa ndani ya miaka 2 tangu kifo. Je, wamekubaliana? Hapana. Dada wa pili anataka nyumba ithaminiwe kwanza, na ana haki. Mwingine anauliza nani atalipa mthamini. Tunaahirisha.

Ninachobaki nikikiwaza ni kwamba baba alijua anachotaka, akakiandika, akamwambia mtoto mmoja, na watatu hakuwaambia. Nusu saa sebuleni na wote wanne ingetosha.

Saa 9:00 alasiri

Masijala ya mahakama. Jina la marehemu kwenye cheti cha kifo lina herufi moja zaidi ya lile la kwenye hati ya kiwanja. Hati ya kiapo, muhuri, rudi wiki ijayo. Hakuna la zaidi.

Saa 10:30 jioni

Kutia sahihi wosia. Mteja ni Mwislamu, na mafungu ya warithi wake yamekwishapangwa katika Suratun Nisaa: mke, marehemu akiwa ameacha watoto, hupata thumni, yaani moja ya nane, mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike. Wosia wake ni kwa ajili ya kijana aliyemlea tangu mchanga ambaye hakumzaa. Kijana huyo hana fungu katika mirathi, ila anaweza kuusiwa, mradi isizidi theluthi ya kinachobaki baada ya madeni. Mzee anataka theluthi kamili, na wanawe wa kuwazaa wanajua. Amewaambia mwenyewe, mbele ya mama yao.

Kijana mwenyewe amemsindikiza na anajitolea kuwa shahidi. Namtoa nje, kwa heshima. Sheria nyingi humpokonya shahidi alichoachiwa kwenye wosia alioushuhudia. Makarani wawili wa ofisi ya jirani wanakuja, mzee anatia sahihi wakimwangalia, nao wanatia zao.

Saa 1:30 usiku

Ujumbe kutoka kwa mke wa yule mzee wa asubuhi. Salio la mkopo wamelipata, ni dogo kuliko walivyoogopa, na shemeji ameitwa nyumbani Jumamosi. Halafu anauliza: mzee anataka kuandika namba za siri za benki na za simu ndani ya wosia ili asije akasahau, ni sawa?

Namjibu hapana. Katika nchi nyingi wosia ukishathibitishwa na mahakama huwa wazi kwa yeyote atakayeomba nakala. Aorodheshe akaunti zilizopo kwenye barua ya pembeni bila namba za siri, aifungie pamoja na hati, na amwambie msimamizi wa mirathi barua iko wapi. Na wakija wiki ijayo, waje na fomu ya bima.