Bakteria Asiyeuawa na Mionzi

Leo katika kipindi cha maikrobiolojia tulionyeshwa sahani ya Deinococcus radiodurans, bakteria aliyegunduliwa Marekani mwaka 1956 katika nyama ya kopo iliyopigwa mionzi ya gama ili isioze, lakini ikaoza.

Makundi yake yana rangi ya waridi, nami sikubandua macho.

Grei 5 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) humuua binadamu. Bakteria huyu hustahimili 5,000.

Ajabu ni kwamba DNA yake hukatika vipande vingi kama ya viumbe wengine, ila madini ya manganizi yaliyojaa katika seli hukinga protini, nazo ndizo zinazoviunganisha upya kwa saa chache. Ukavu nao hukata DNA vivyo hivyo. Yaelekea ustahimilivu huu ulitokana na kuzoea kukauka.

Mliosoma biolojia, mnamfahamu kiumbe mwingine wa namna hii?