Siku 38 za kutazama mawe

Sebuleni kwangu kuna tangi la lita 120 lenye maji ya chumvi, mchanga, mawe na taa. Kwa siku 38 samaki hakuwamo. Kila mgeni aliinama, akachungulia nyuma ya mawe, kisha akanitazama kwa huruma. Mwanangu alichoka kueleza, akawa anawaambia tu: "Baba anafuga bakteria."

Wala hajakosea.

Mara yangu ya kwanza, miaka mitatu iliyopita, nilijaza maji leo na kesho yake nikatia samaki wawili. Maji yalikuwa maangavu, ningoje nini tena? Siku ya tatu wakawa wanahema juu juu, matamvua mekundu. Ya nne nikawaopoa wamekufa. Kilichowaua ni amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Samaki mwenyewe huitoa, hasa kupitia matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza. Kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi) huwa kama 8.2, sehemu ya amonia inayokaa katika hali ile inayoua huwa kubwa kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi.

Safari hii niliamua kuwafuga kwanza bakteria wanaokula amonia, ndipo nitie samaki. Nilianza kwa maji yaliyochujwa, maana klorini ya bomba ingeua hao hao ninaowafuga. Nikatia chumvi ya akwariamu, gramu 35 hivi kwa lita, hadi kipimo cha chumvi kikasoma 1.025. Hita nyuzi 26. Ili bakteria wapate chakula nikazamisha kamba mmoja mbichi ndani ya soksi. Usijaribu. Siku ya tatu nyumba nzima ilijua. Nikamtupa pamoja na soksi, nikatafuta amonia ya chupa isiyo na sabuni wala manukato, nikadondoshea hadi miligramu 2 kwa lita.

Halafu kimya. Siku ya 5, ya 8, ya 11, kipimo kijani kile kile, yaani amonia ipo pale pale. Bakteria wengine wanaweza kuongezeka maradufu kwa dakika 20 tu, hawa wanataka nusu siku au zaidi. Tena wako makundi mawili: la kwanza linakula amonia na kutoa nitriti, la pili linakula nitriti na kutoa nitrati. La pili haliwezi kushika kasi kabla la kwanza halijalipikia.

Siku ya 14 kijani kikaanza kufifia, nitriti ikapanda zambarau. Ikabaki zambarau mpaka nikadhani dawa ya kupimia imeharibika. Nitrati nayo nilikoma kuipima, kwa sababu nitriti ikiwa nyingi hukidanganya kipimo chake.

Siku ya 27 mchanga ukafunikwa na vumbi la kahawia. Mke wangu akasema tangi limeota kutu. Ni diatomu, mwani wadogo sana, hupita zenyewe, lakini nilishashika kichujio tayari kwenda kukisugua chini ya bomba. Nikakirudisha polepole. Bakteria hawaelei sana majini, wamejibandika kwenye mawe, mchanga na sifongo ya kichujio. Ningekisugua, ningemwaga kazi ya karibu mwezi mzima.

Siku ya 35 nikadondosha tena miligramu 2. Baada ya saa 24, amonia sifuri, nitriti sifuri. Sikuamini. Siku ya 37 nikarudia, ya 38 sifuri zote mbili. Nitrati ilikuwa nyekundu iliyokoza, hiyo bakteria hawa hawaigusi, basi nikabadilisha nusu ya maji.

Jioni hiyo nikamtia samaki mmoja tu, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Nilimzoesha maji kwa saa nzima, tone kwa tone. Nilipomwachia, akaenda moja kwa moja nyuma ya pampu, akajibana pale.

Kesho yake akaja jirani. Akainama, akachungulia, akaniangalia.

"Bado tu?"