Baina ya Alasiri na Magharibi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Wiki hii swali la mama mmoja limenikalia kifuani. Darsa ilipokwisha alingoja wenziwe watoke, akaniambia: "Maalim, mwanangu alifunga Ramadhani yote, kutwa hagusi jani. Mbona sasa hawezi hata nusu siku?" Jani ni muguka, lile la kutafuna la jamii ya miraa; watu wa Mombasa sina haja ya kuwafafanulia.

Hukumu yake sitaiingia leo. Marufuku nayo tumeiona: Mei 2024 gavana alipiga marufuku muguka kaunti nzima, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mambo yakafika Mahakama Kuu ya Embu, huko huko linakolimwa, amri zikasimamishwa. Vibanda viko pale pale. Basi tusikae kungoja serikali itulelee watoto.

Turudi kwa kijana. Mtu anayejizuia tangu Alfajiri hadi Magharibi, kwa jua hili letu, na kibanda kiko hatua chache kutoka mlangoni kwao, huyo hana upungufu wa azma. Mvuta sigara ni vivyo hivyo: anayekuapia kwamba hawezi saa mbili bila moshi, Ramadhani anakwenda kutwa nzima. Ila adhana ikilia, tende haijashuka kooni, mkono umeshaingia mfukoni. Mchana kulikuwa na kitu kimemshikilia: nia aliyoiweka usiku, mwisho anaoujua, na nyumba nzima imefunga pamoja naye. Idi ikipita tunamvua vyote hivyo, halafu tunamwambia, "Jikaze, wewe mwanamume!"

Mola hakuwalea Maswahaba hivyo. Bi Aisha (r.a.) amesema, na ni katika Bukhari, kwamba lau la kwanza kuteremshwa lingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema, "Hatutaiacha pombe kamwe." Kwanza ikaja aya ya Al-Baqara, kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Wengine wakaacha hapo hapo, wengine wakaendelea. Kisha ikaja ya An-Nisaa: msikaribie Swala hali mmelewa, mpaka mjue mnayoyasema.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Hesabu vipindi vyako vya Swala. Ukinywa baada ya Adhuhuri, Alasiri itakukuta hujazindukana. Ukinywa baada ya Alasiri, Magharibi ndiyo hiyo. Baina ya Magharibi na Isha hapana nafasi hata ya kukaa kitako. Mlevi akabakiwa na usiku baada ya Isha, na asubuhi baada ya Alfajiri. Pombe ilikuwa bado haijaharamishwa moja kwa moja, lakini siku imeshaibana. Waliotaka kuswali walijikuta wanajifunza kuwa macho kipindi baada ya kipindi, mpaka mwili ukazoea.

Ndipo ikateremka ya Al-Maida, ya kuiharamisha pombe kabisa, na mwisho wake swali: "Basi je, mmeacha?" Sayyidna Umar akajibu, "Tumeacha, tumeacha." Anas alikuwa akiwanywesha wageni nyumbani kwa Abu Talha, mara mpiga mbiu akasikika nje. Abu Talha akamwambia toka ukaimwage, na vichochoro vya Madina vikapita pombe. Kisa hiki tunakipenda sana mimbarini, tena twakisimulia kana kwamba watu wale waliamka asubuhi moja wakaacha. Kabla ya siku ile ilitangulia miaka ya Swala.

Na mimi nasema ninalolijua mwilini mwangu. Nilikuwa mvuta sigara. Iliyoanza kuondoka ni ile ya kabla ya Magharibi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti, nami niliona haya kusimama begani kwa mtu na harufu mbaya kuliko ya thaumu. Kisha ya kabla ya Isha. Hizo nyingine zilinitesa, sitawadanganya, lakini zilikwisha kwa mlango ule ule.

Basi kijana wangu, usianze kwa kuapa kwamba hutatafuna tena maisha yako yote. Anza na Alasiri moja. Wewe mwenyewe unajua saa ya jani ndiyo hiyo: umetoka kuswali, wenzako wako maskani, chupa ya maji na njugu na bigijii ziko tayari, shavu la huyu limeshavimba, na mahali pako pameachwa wazi. Ukikaa pale, Isha itakukuta unazungumza tu, usiku wa manane bado unazungumza, na Alfajiri inaadhiniwa ndiyo kwanza usingizi umekuchukua. Sasa jana yake usiku weka nia, kama unavyoinuia saumu. Ukitoa salamu Alasiri, toka kwa mlango mwingine. Jumatatu na Alhamisi funga. Vijana wasio na uwezo wa kuoa Mtume aliwaelekeza kwenye saumu, akasema ni kinga kwao. Ukiteleza, tubu, uje msikitini hivyo hivyo. Shetani hataki zaidi ya kukufanya uone haya kuja.

Na hapa nageukia sisi tunaojiona tuko salama. Alikuwako mtu zama za Mtume, jina lake Abdullah, wakimwita Himar, akimchekesha Mtume. Aliletwa kwa kosa la kunywa, akaadhibiwa, akaletwa tena. Mmoja akasema, "Allah amlaani, mara ngapi analetwa!" Mtume akasema, "Msimlaani. Wallahi nijualo ni kwamba anampenda Allah na Mtume wake." Adhabu aliipata, lakini kufukuzwa hakufukuzwa. Sisi kijana akiingia na meno ya kijani tunasogea kando katika safu, na nyuma yake tunamwita teja. Maskani anaulizwa kama amekula. Wewe ungekwenda wapi?

Na wewe uliyemkodisha muuza jani baraza ya nyumba yako, kodi unaipokea kila mwezi, na tukiwaombea vijana dua wewe ndiye mwenye "amin" ya juu kabisa: ndugu yangu, jitazame.

Kuanzia kesho inshallah ukumbi wa madrasa utakuwa wazi kila siku kutoka Alasiri hadi Magharibi. Kahawa na kashata ni juu yangu, keramu ipo, mawaidha hakuna. Atakayekuja na jani mfukoni msimrudishe mlangoni.

Wabillahi tawfiq.