Siku moja maishani mwangu: mpishi wa ziwani, nyuzi 26 chini ya sifuri

Saa kumi na nusu alfajiri

Hata taa sijawasha, nachungulia kipimajoto kilichobanwa nje ya dirisha la jikoni. Nyuzi 26 chini ya sifuri. Utabiri wa jana ulisema hivyo hivyo, lakini namba hii napenda kuiona kwa macho yangu, maana ndiyo inayoamua nibebe nini.

Naishi Baudette, kaskazini kabisa mwa Minnesota, Marekani. Ukivuka mto uko Kanada. Ziwa letu linaitwa Lake of the Woods, lina visiwa zaidi ya 14,000, na kuanzia Desemba linaganda mpaka magari yanapita juu yake. Watu wanakuja kutoboa barafu na kuvua samaki anayeitwa walleye, ambaye mji huu umemjengea sanamu ya futi 40 tangu 1959. Kazi yangu ni kuwapikia hao wavuvi, hapo hapo ziwani, nje, chakula cha moto. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Nimekulia kwenye dagaa na sangara, lakini kupika huku nilijifunza upya kama mtoto.

Vitunguu nilishakata jana usiku, viazi nilishachemsha nusu. Kitunguu kilichoganda hakikatiki, kinateleza ubaoni kama gololi. Mayai navunja sasa hivi, thelathini, namimina kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Yai zima likiganda huko nje linapasuka ganda.

Saa kumi na mbili na nusu

Napakia. Kwetu Mwanza deli ni la kuuzia barafu na juisi, ili vitu visipate joto. Huku nina madeli mawili na yote yanafanya kazi ya kinyume: yanazuia chakula kisigande. Ndani ya kila moja naweka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, kisha maharage, viazi, mayai, maziwa, ndimu. Mafuta ya kupikia nayo yanaingia humo, maana yakiachwa nje yanakuwa mazito hayamiminiki.

Unga wa kupakia samaki nauchanganya nyumbani: wa mahindi sehemu mbili, wa ngano sehemu moja, chumvi, pilipili manga, na binzari kidogo ambayo hakuna aliyeniagiza niiweke.

Saa moja na nusu asubuhi

Giza bado. Tunapanda Bombardier, gari la minyororo lenye madirisha ya duara kama ya meli. Magari ya aina hii yalibuniwa Quebec na Joseph-Armand Bombardier miaka ya 1930, na hapa ziwani bado yanabeba watu kila siku. Dereva wetu anaendesha polepole akiangalia nyufa mpya. Juzi alipima barafu akapata sentimita 60. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, idara ya maliasili ya jimbo inashauri angalau inchi nne, yaani sentimita kumi za barafu mpya iliyo safi. Gari linataka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Barafu inaunguruma chini yetu. Joto na baridi vikibadilika inatanuka na kusinyaa, inapasuka, sauti inasafiri kilomita nzima. Mwaka wangu wa kwanza nililia. Sasa ikinyamaza ndipo nashtuka.

Saa mbili na dakika kumi

Jua linatoka, jekundu, halina joto lolote. Wavuvi wanaingia kwenye vijumba vyao vya kuvulia, vilivyosimama juu ya barafu. Mimi naanza kujenga jiko.

Kwanza ukuta wa mbao upande upepo unakotoka. Kisha matofali manne, juu yake ubao mnene, juu ya ubao jiko. Ukiliweka jiko juu ya barafu moja kwa moja, linayeyusha chini yake, linalala upande, na mafuta ya moto yanamwagika miguuni. Mtungi wa gesi nao unasimama juu ya kipande cha zulia.

Gesi yangu ni propani tupu. Mitungi ya nyumbani Tanzania ina mchanganyiko wa propani na butani, na kule unafaa kabisa. Lakini butani inaacha kugeuka mvuke karibu na sifuri, wakati propani inaendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Msimu wangu wa kwanza nilikuja na majiko madogo ya makopo ya butani. Watu kumi na wawili walikula biskuti siku hiyo.

Na sipiki ndani ya kijumba kilichofungwa. Mahali nilipofanya kazi zamani niliambiwa nichemshe supu ndani ya hema lililofungwa zipu. Baada ya muda kichwa kilianza kugonga na miguu ikalegea. Nilitoka nikitambaa. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi. Tangu siku ile, hata upepo uvume vipi, moto wangu unakaa nje.

Saa nne

Mayai, mkate, chai. Chai ya maziwa na tangawizi iliyopondwa, naipika kwenye birika na kuimimina kwenye chupa ya chai papo hapo. Kikombe kisicho na mfuniko kinapoa kabla mtu hajamaliza salamu.

Leo kuna mgeni kutoka Kenya, kaletwa na wafanyakazi wenzake wa Minneapolis. Alionja, akanyamaza, akaniangalia.

"Dada, hii chai umeitoa wapi?"

"Nimeipika hapo nje, kaka. Karibu tena."

Alirudi mara tatu.

Saa sita mchana

Hii ndiyo saa yangu.

Samaki wanaletwa kutoka vijumbani. Mvuvi mmoja alikuwa amevuta mkubwa, akafurahi, akapima, akamrudisha: walleye wa inchi 19.5 hadi 28 ziwa hili ni lazima arudi majini. Ndio wazazi wa samaki wote hawa. Wadogo ndio chakula, na hata wakiliwa hapa wanahesabiwa kwenye idadi ya mvuvi.

Napasua minofu kwa kisu chembamba, haraka, nimevaa glavu za mpira juu ya za sufu. Nyama ni nyeupe, imeshikana, inanikumbusha sangara mdogo. Ukiiacha ubaoni dakika tatu, juu yake panaota chembe za barafu, ndogo kama chumvi, zinang'aa. Hizo ndizo hatari. Chembe ya barafu ikiingia kwenye mafuta ya moto inageuka mvuke kwa kishindo na mafuta yanaruka. Kovu la kiwiko changu cha kushoto limetokana na kipande kimoja tu nilichokuwa na haraka nacho. Sasa kila mnofu naufuta kwa kitambaa ninachokitunza ndani ya koti, kikiwa na joto la mwili, ndipo naupitisha kwenye unga.

Karai la chuma kizito, mafuta nusu. Nyumbani yangekuwa tayari kwa dakika kumi. Hapa ni ishirini na tano. Nachovya mpini wa mwiko: mapovu madogo yakiuzunguka mfululizo, tayari. Minofu minne kwa mara moja, isizidi, kwa sababu samaki wa baridi anashusha moto wa mafuta na unga unanyonya mafuta mpaka unalegea. Dakika tatu, nne. Rangi ya dhahabu, sauti ya kuchacharika inapungua. Natoa, naweka kwenye deli lenye karatasi, nafunika, naita.

Wanakula wamesimama, migongo kwenye upepo, maharage yanatoa mvuke mpaka miwani inaingia ukungu. Nawakamulia ndimu mwenyewe. Ukiona mtu aliyekuwa anatetemeka anavua kofia ili ale vizuri, ujue chakula kimefika mahali pake.

Saa tisa

Mafuta yakipoa nayarudisha kwenye debe. Hakuna ninachomwaga: kuacha takataka juu ya barafu ni kosa kisheria, na barafu ikiyeyuka kila kitu kinaingia ziwani.

Saa kumi na moja kasorobo

Jua linazama. Walleye anakula sana mwanga unapofifia, kwa hiyo vijumba vyote vimenyamaza, kila mtu na mishipi yake miwili. Nagawa chai ya mwisho mlango kwa mlango.

Saa moja usiku

Nyumbani. Karai naliosha kwa maji ya moto, nalikausha juu ya moto, nalipaka mafuta. Madeli nayaacha wazi yakauke. Kesho wanasema nyuzi 31 chini ya sifuri. Naongeza chupa ya tatu ya maji ya moto kwa kila deli, kisha naloweka maharage.