Kifaranga aliyetazama dari

Juzi mwanangu alikunja uso alipopewa kidonge cha vitamini B, akauliza mbona kinanuka hivyo. Mimi nikamkumbuka yule kifaranga chotara, enzi za banda nyuma ya jikoni.

Wenzake wanagombea chakula, yeye amekalia visigino, kichwa kimepinduka hadi utosi unagusa mgongo, macho darini. Ukimgusa anarudi kinyumenyume, kisha anabiringika. Jirani akasema ni mdondo (kideri), na mama mkwe akaulizia kisu. Kweli mdondo hupinda shingo, lakini hapo ningetegemea pia kuhema mdomo wazi, kinyesi cha kijani na vifo banda zima. Mareksi nayo, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, ni nadra kwa kifaranga wa wiki ya pili kama huyu. Huyu kinyesi chake kilikuwa kizuri, na njaa anayo. Nilichotilia shaka ni chakula: mfuko ulikaa dukani chini ya bati la moto, ukifunguliwa unanuka mafuta yaliyochacha. Mafuta yakichacha, vitamini E imeondoka, na vitamini B1 haivumilii joto la muda mrefu; kifaranga akikosa mojawapo, shingo inaweza kupinda hivyo.

Nilimtenga kwenye boksi, chini matambara badala ya gazeti linaloteleza, balbu upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee. Kidonge cha B complex nikakisaga, nikakikoroga kwa vijiko vinne vya chai vya maji vuguvugu. Vitamini E ilikuwa ya kapsuli: unatoboa kwa pini, tone moja juu ya kiini cha yai la kuchemsha. Kiini chenyewe kina madini ya seleniamu, inayosaidiana na E.

Kazi ilikuwa kumnywesha. Kichwa kikiwa kimepinduka, maji ukiyamimina kinywani yanaingia kwenye koo la hewa na unamuua mwenyewe. Nilimviringisha kwenye kipande cha kanga, mabawa yamebanwa, kisha nikakirudisha kichwa polepole kwa vidole viwili nyuma ya fuvu, bila kulazimisha, mpaka mdomo ukatazama chini kidogo. Tone moja la bomba la sindano, bila sindano yake, ubavuni mwa mdomo. Unasubiri. Tone linajivuta lenyewe kwenye mwanya, ulimi unatikisika, koo linapanda na kushuka. Ndipo la pili. Kijiko kimoja kilimaliza muda wa kupika wali.

Mfuko niliufukia, nikanunua mwingine, wenzake nao wakapewa vitamini kwenye maji.

Kesho yake jioni shingo ilianza kunyooka. Kwa B1 huo ni uchelewaji, maana nafuu yake huja ndani ya saa chache. Kwa E ni haraka mno, kwani ubongo ukishaumia mara nyingi haurudi. Nilimpa vyote pamoja, kwa hiyo siwezi kuapa. Mama mkwe anasema ni dua. Kifaranga alikua mtetea, akataga vizuri tu, ila akishtuliwa shingo ilijipinda kidogo kushoto, na hadi leo sijui kama yalikuwa mabaki ya ugonjwa au mazoea.