Bibi mwenye nyumba wa Hialeah

Mpwa wangu anaendesha lori Florida. Amepanga chumba cha uani huko Hialeah, mji uliopakana na Miami, na mwenye nyumba wake ni bibi wa Kikuba, maji ya kunde kama mimi, nywele za kipilipili kazifunga kitambaa. Juzi kanipigia. Shikamoo mjomba, marahaba, halafu bila kuzunguka: "Mjomba, huyu bibi anasema yeye ni mzungu. Na jikoni kabandika picha ya Trump."

Nikalipeleka suala hilo kwenye kahawa, Barabara ya 12 pale Ngamiani, hapa Tanga. Hukumu ilitoka kabla ya kikombe cha pili: huyo kakana asili yake, basi. Sikukubaliana nao, na kwa kuwa barazani hapana anayemwachia mwenzie amalize, naandika hapa.

Naelewa walikotoka wenzangu. Kizazi chetu Cuba ni jina tamu. Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alipokuja nchini Machi 1977 nilikuwa mtoto wa shule, na habari za askari wa Cuba huko Angola tulikuwa tunazisikia kila siku redioni. Tulijua pia kwamba Che Guevara, mwanamapinduzi mwenzake Castro, alipovuka Ziwa Tanganyika kuingia Kongo mwaka 1965 alipitia kwetu, na kwamba askari wake karibu wote walikuwa Wacuba weusi. Kwa hiyo Mcuba kichwani mwetu ni mtu mweusi mwenye bunduki anayempiga kaburu.

Huyo hakuwa Mcuba wa Miami. Walioondoka mwanzo, baada ya dikteta Batista kumkimbia Castro Januari 1959, ni wenye mashamba ya miwa, mawakili, madaktari, na wengi wao weupe. Kisha zikaja ndege za kuhamisha watu, 1965 hadi 1973, karibu watu 300,000, na kipaumbele kikapewa wenye ndugu waliokwisha tangulia. Sasa fikiri: kama waliotangulia ni weupe, ndugu zao ni akina nani? Hivyo ndivyo Miami ilivyokuwa nyeupe kuliko Cuba yenyewe.

Bibi wa mpwa wangu kaja 1980, kwa boti, Castro alipofungua bandari ya Mariel. Kati ya Aprili na Oktoba walivuka watu wapatao 125,000, safari hii weusi na makabwela wakiwa wengi zaidi kuliko zamani. Serikali ya Cuba ikachanganya humo na wafungwa, basi wote wakapakwa tope moja. Wacuba wenzao wa zamani waliwakwepa. Bibi anasimulia alivyoambiwa chumba kimeshapata mtu, na kibao cha "kinapangishwa" bado kinaning'inia dirishani.

Na angalia alifika mwezi gani. Mei 1980 Liberty City, mtaa wa weusi wa Miami, ulikuwa unawaka moto, baada ya polisi walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie, mtu mweusi waliyempiga, kuachiwa na mahakama. Mhaiti aliyevuka bahari ileile alikuwa anawekwa kizuizini na kurudishwa; Mcuba alikuwa na sheria ya 1966 inayomfungulia njia ya ukaazi. Bibi akaletewa fomu. Kwao Cuba kuna weusi, kuna weupe, na katikati kuna mulata, ndiye yeye. Kwenye fomu ya Marekani katikati hapakuwa na kisanduku chake. Akatia alama kwa weupe. Ningekuwa mimi, nikiwa nimeona vile mtu mweusi anavyofanywa mjini humo, sijui ningetia wapi.

Tena sisi wa Pwani tunamcheka kwa lipi? Mkoloni alipogawa watu kuwa wenyeji na wasio wenyeji, ni wangapi hapa waliogundua ghafla kwamba babu zao walitoka Shirazi? Babu yangu mwenyewe, wa Tongoni, mweusi tii, alikuwa Mshirazi hadi anaingia kaburini.

Kuhusu bibi kumchukia Castro ndipo wenzangu waliponibishia zaidi. Vipi mtu mweusi amchukie aliyewatetea weusi? Mandela mwenyewe alikataa kumkana Castro kwenye televisheni ya Marekani, na alipofika Miami Juni 1990 mameya wa Kikuba walitoa tamko la kumpinga. Wamarekani weusi wakajibu kwa kususia utalii wa mji hadi 1993. Hilo lilikuwa aibu, sitetei. Lakini baba wa bibi alikuwa fundi viatu mwenye kibanda, na mwaka 1968 serikali ya Castro ilitaifisha biashara ndogondogo zote, mpaka za wauza chipsi barabarani. Kibanda kikaenda. Wazee wa Tanga mnaokumbuka Operesheni Maduka ya 1976, serikali yetu ilipofunga maduka ya watu binafsi, niambieni mlivyokuwa mnaisema serikali usiku mkiwa wenyewe.

Halafu kuna hesabu ambayo huku haisemwi. Cuba ilipofilisika miaka ya 1990, Urusi imeondoka, watu waliishi kwa dola za ndugu walio nje. Walio nje wengi weupe; dola zikaingia nyumba za weupe. Mweusi aliyebaki, yule tunayemsifu kwa Angola, akabaki na kadi ya mgao. Bibi ndiye aliyekuwa anatuma dola kwa ukoo mzima.

Sasa nyumba ile ina vita. Mjukuu wa bibi, mzaliwa wa Florida, anajiita mweusi bila kigugumizi na anapigia kura Democrat, chama kinachompinga Trump. Wanagombana asubuhi bibi akikoroga kahawa yake, sukari anaipiga kwa matone ya kwanza mpaka itoe povu. Na mtoto wa nduguye bibi aliingia kwa ule mpango wa Biden wa 2023 wa kuwaruhusu Wacuba kuingia na kukaa kwa muda, ambao serikali ya Trump iliufuta 2025. Kijana hatoki nje.

Nikamwambia mpwa, hebu muulize kama ile picha bado ipo.

"Mjomba, kodi ya hapa ni nafuu. Kaulize wewe."