Mlio mbali mnaoogopa kurudi nyumbani, someni Mwanzo 32

Habari zenu wapendwa. Ndiyo nimerudi, nimerudi kabisa. Walioniuliza maisha yakoje baada ya kukaa nje miaka yote hiyo nitawajibu siku nyingine, leo nataka kuongea na wale ambao nauli wanayo, likizo wanayo, makaratasi yako sawa, ila hawarudi. Mnajijua. Kila mwaka mnasema mwakani.

Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa, sawa, ila hawakusema anavyolala usiku kabla ya safari. Mtu ukikaa mbali sana unazoea kutegemea mabaya tu. Simu ya nyumbani ikiita usiku hujaipokea bado ushamzika mtu kichwani. Ukitumiwa meseji "ukipata nafasi nipigie" unajua tayari kuna mgonjwa, kumbe mtu kakumiss tu. Na tunaiita busara, eti nisitegemee kitu nisije nikaumia. Mi naona ni imani hiyo, imani kamili yenye ahadi zake, tofauti ni kwamba anayeahidi ni hofu, na hatumuulizi hata siku moja yale aliyotuahidi mwaka jana yaliishia wapi.

Hofu yangu ilikuwa ya kaka yangu. Tuliagana vibaya, nani alianza haina maana tena saa hizi, ila miaka yote hiyo sikusikia sauti yake, salamu zinapitia kwa mama mdogo. Kwa hiyo mi nilishamuona kabisa anasimama mlangoni ananiuliza umerudi kutafuta nini, na majibu nikawa nayo tayari, mengine mazuri kweli mpaka leo nasikitika sijapata pa kuyatumia 😄

Sasa wakati najiandaa kurudi ndo nikamsoma tena Yakobo. Wengi tunamkumbuka kwa ile kupigana mweleka usiku kucha, ila safari hii mi nilinasa kabla hajafika huko. Huyu mtu alikuwa na ahadi mbili za kurudi. Ya kwanza alipewa Betheli akiwa anakimbia, Mwanzo 28:15, "nitakulinda kila uendako, nami nitakuleta tena mpaka nchi hii". Ya pili alipewa akiwa kwa mjomba wake Labani, alikokaa miaka 20, Mungu anamwambia rudi kwa jamaa zako nami nitakuwa pamoja nawe. Yaani hakuwa anabahatisha, katumwa. Na njiani akakutana na malaika wa Mungu. Halafu wajumbe wake wanarudi wanamwambia kaka yako Esau anakuja kukulaki, na ana watu 400. Basi! Ahadi mbili, malaika, vyote vikayeyuka palepale, akaogopa sana.

Hebu rudini msome tena walichosema wale wajumbe. Hawakusema watu 400 wana mapanga. Hawakusema Esau kakasirika. Walisema anakuja, na yuko na watu. Yaliyobaki yote Yakobo kajazia mwenyewe. Na simlaumu sana maana sababu alikuwa nayo, alimwibia kaka yake baraka na kaka alishasema atamuua, si kitu cha kupuuza hicho.

Basi akagawa watu na mifugo makundi mawili ili likipigwa moja lingine likimbie. Akaomba. Akatuma zawadi, mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 na watoto wao, ng'ombe 50, punda 30, kundi mbele ya kundi na nafasi katikati ili Esau akutane nazo kidogokidogo hasira ipoe. Kuna wahubiri wanasema hapo alikosa imani, mi sikubali, mtu kujipanga si dhambi. Na lile ombi lake la 32:9 mpaka 12 nalipenda mno kwa sababu hajifanyi shujaa, anasema wazi namwogopa, halafu anamrudishia Mungu maneno yake mwenyewe, wewe ndo ulisema utanitendea mema. Mara nyingi mi nikiogopa naomba kama vile hakuna kitu kilishasemwa kabla.

Kinachonisumbua ni 33:2. Anapanga familia yake, vijakazi na watoto wao mbele, mke wake Lea na wanawe wanafuata, Raheli, mke aliyempenda zaidi, na mwanawe Yusufu nyuma kabisa. Kweli yeye mwenyewe alitangulia mbele ya wote, hilo nampa, lakini jamani wale watoto wana macho. Mtoto wa Bilha, mmoja wa wale vijakazi, amesimama pale anajua kabisa kwa nini yeye yuko mbele na Yusufu yuko nyuma. Hao ndo baadaye wakaja kumuuza Yusufu. Biblia inataja kanzu aliyopewa Yusufu na baba yao na ndoto zake, haitaji siku hii, ila ningekuwa mimi nimepangwa ule mstari wa mbele nisingesahau mpaka nazeeka. Ndo ubaya wa kutegemea mabaya, hukai nayo peke yako, unaanza kupanga na watu wako kwa hesabu za msiba ambao haujatokea. Mi kwa mfano kuna watoto wa kaka sikuwahi kuwatumia hata salamu ya birthday, kisa baba yao. Wamekosa nini?

Na Esau? Esau alipiga mbio. Akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, wakalia wote wawili. Zile zawadi akasema nina vitu vya kutosha ndugu yangu, mpaka akabembelezwe ndo akapokea.

Wa kwangu hakupiga mbio, nisiwadanganye. Alikuja kunipokea, akachukua lile begi zito, akaniuliza umechoka? basi, njia nzima tukaongea mpira. Hakuna aliyelia. Siku zilizofuata ndo maneno yakaanza kutoka, machache, usiku watu wakishalala. Msamaha mwingine unakuja hivyo, hauna muziki.

Ila kuna upande ambao ni lazima niuseme maana watu wanapenda kumalizia stori pale kwenye kukumbatiana. Rebeka, mama yake, alimwambia Yakobo akakae kule kwa Labani siku chache tu. Zikawa miaka 20. Aliporudi tunasoma alimkuta baba yake Isaka, na yeye na Esau wakamzika pamoja, lakini kukutana na mama yake hakusimuliwi popote, tunakuja kusikia tu mwishoni mwa kitabu kwamba amezikwa Makpela, kwenye pango la kaburi la familia. Mi bibi yangu aliyenilea alifariki nikiwa huko. Niliomba nimkute, sikumkuta. Nimeenda kaburini na nimelia na sijaona kama ahadi ya Mungu imevunjika, kwa sababu nikiisoma vizuri haijasema popote nitawakuta wote. Imesema sitakuacha.

Na ile Yeremia 29:11 tunayobandika kwenye profile, mawazo ya amani wala si ya mabaya, mstari wa juu yake unasema miaka 70. Waliandikiwa watu waliokuwa mateka Babeli, wakaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, mzae. Mzee aliyeisikia ile barua alijua yeye harudi, na bado ilikuwa ahadi yake pia. Aliyewapa watu miaka miwili tu ni nabii Hanania, sura ya 28, na alikuwa anadanganya. Akina Hanania bado tunao wengi tu, na watu wakishaumizwa nao ndo wanaishia kutegemea mabaya, siwashangai.

Nimalizie na Sukothi. Baada ya machozi yote yale Esau akasema haya twende pamoja. Yakobo akaanza, unajua watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, we tangulia nitakukuta kwako Seiri. Halafu akashika njia ya Sukothi akajenga nyumba huko. Kapokelewa vizuri kabisa na bado anakwepa! Nimecheka nilivyosoma kisha nikaacha kucheka, maana kaka kaniambia wiki ijayo twende tukamsalimie mama mdogo, safari ndefu, gari moja, sisi wawili tu. Nimesema sawa. Visingizio vya Yakobo haviniingii, hata mbuzi mmoja sina.